Mlei Kijana: Imani Haiishii Kwenye Kwaya

Ukiwauliza Wakatoliki wa hapa chuoni kazi ya mlei ni ipi, wengi watakutajia kwaya, kusoma masomo altareni, kukusanya sadaka na kupamba kanisa. Zote ni kazi nzuri, na bila vijana misa nyingi zingepooza. Ila ukikomea hapo, umemfanya mlei awe msaidizi wa padre tu, basi.

Kanisa lenyewe linafundisha zaidi ya hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulieleza kwamba mahali hasa pa mlei ni katikati ya shughuli za dunia: familia, kazi, biashara, siasa. Mwaka uliofuata ukatoa hati nzima juu ya utume wa walei, Apostolicam Actuositatem. Hoja yake kwa lugha ya kawaida ni hii: utume huo mlei haazimwi na padre, anaupata kwa ubatizo na kipaimara. Padre hashindi maabara, benki au bandarini. Wewe ndiye utakayekuwa huko.

Mfano upo hapa jirani tu. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria Goma, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari. Huko akawa rafiki wa watoto wa mitaani, akiwasaidia wasome. Baadaye akaajiriwa kwenye ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, akafanya kazi mpakani. Likaja suala la chakula kilichoharibika. Wenye maslahi wakampa hela apitishe, akakataa. Wakamshinikiza, akakataa tena. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri.

Angalia vizuri hapo. Hakuuawa akihubiri. Aliuawa kwa sababu ya sahihi ambayo hakuitoa. Chakula kile kingeingia sokoni, na wa kwanza kukila wangekuwa maskini, kama wale watoto aliokuwa akikaa nao. Sala yake na kazi yake vilikuwa kitu kimoja.

Sasa turudi kwetu. Rushwa haianzi mpakani. Inaanza kwa kumsainia mwenzako mahudhurio, kuingia na karatasi kwenye mtihani, au kumlipa mtu akuandikie ripoti ya fildi. Aliyezoea njia ya mkato hapa, kesho akiletewa "kitu kidogo" ofisini atakataa kwa nguvu gani?

Na kushirikisha imani je? Wengine wanadhani ni kubishana kwenye magrupu ya WhatsApp hadi saa nane usiku, au kumwandama mwenzako wa chumbani ambaye ni Mwislamu au Mlokole. Hapana. Mtaguso uleule, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Kushirikisha ni kuishi kwa namna inayomfanya mwenzako aulize. Bumu limechelewa, wewe umegawana naye unga. Akiuliza, mjibu bila aibu na bila majivuno. Asipouliza, unga ameshakula.

Tuseme ukweli: jambo hili lina gharama. Mhitimu ambaye nyumbani wadogo zake wanamtegemea, akiambiwa asaini au aache kazi, hawezi kutatua hilo kwa ujasiri wa siku moja. Anahitaji watu. Ndiyo maana maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970 walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo. Kama jumuiya yenu hosteli inakutana kusali rozari na kupanga michango tu, ongezeni kitu kimoja: kila mtu aeleze jambo moja gumu la wiki, darasani au fildi, kisha mlitazame pamoja kwa mwanga wa Injili. Mkizoea kusemezana ukweli sasa, siku ukiletewa bahasha utakuwa na mtu wa kumpigia simu kabla hujasaini.