Gari dogo likichemka likiwa limesimama

(Mlio wa injini inayotetemeka. Muziki unapungua.)

MTANGAZAJI: Dereva mmoja anayebeba abiria kwa Toyota Corolla anauliza: gari likisimama kusubiri watu, mshale wa joto hupanda; likitembea, hushuka. Tena likiwa sailensa linatetemeka, mlio unapanda na kushuka. Fundi, karibu. Shida iko wapi?

FUNDI: Asante, dada. Huyu ametupunguzia nusu ya kazi kwa kusema joto linapanda wakati gani. Gari likitembea, upepo wa njiani hupoza rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Basi aache injini iungurume huku akitazama. Mshale ukivuka katikati na feni bado imelala, akague fyuzi, rilei, nyaya, sensa ya joto na mota ya feni yenyewe. Fyuzi ni ya bei ndogo. Injini si ya bei ndogo.

MTANGAZAJI: Na likichemka mlimani, lina mzigo?

FUNDI: Hapo nashuku rejeta iliyoziba, kwa kutu ndani au vumbi na majani nje. Au pampu ya maji imechoka, au thermostati imekwama ikiwa imefunga. Hii thermostati mafundi wengi huing'oa na kuitupa, nami sikubaliani nao. Bila hiyo injini hukaa baridi mno, kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli. Sailensa inabaki juu, na pesa ya siku inaishia kwenye tangi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, uyapashe moto. Iliyo nzima hufunguka kabla maji hayajachemka, nyingi kati ya nyuzi 80 na 90, na ikipoa hufunga.

MTANGAZAJI: Kutetemeka je?

FUNDI: Anza tena na maji. Yakipungua, hewa hukaa kwenye njia zake, sensa inapima hewa badala ya maji, na kompyuta inakosea kiasi cha petroli. Ndiyo maana shida mbili huweza kuwa moja. Injini ikiwa baridi, jaza maji na utoe hewa. Kama bado inatetemeka, angalia plagi, masizi kwenye mlango wa hewa, na mipira ya hewa iliyopasuka. Ukisogeza sikio utasikia inafyonza.

MTANGAZAJI: Na kama limechemka njiani, ndani kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali?

FUNDI: Mama atafutiwe usafiri mwingine mara moja, asisubiri gari lipoe. Dereva azime injini, afungue boneti, akae nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto kisiguswe kabisa! Maji yale yamebanwa, yataruka usoni. Wala asimwagie injini maji baridi. Silinda hedi inaweza kupasuka.

Likipoa, achomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani; mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Hapo asiliwashe tena. Livutwe kwa kamba hadi gereji.

(Muziki.)