MAMA, UZITO WAKO NA MIONZI

Akina mama, saratani ya mlango wa kizazi inatibika kwa mionzi. Mgonjwa wa Sumbawanga anayepelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Hukaa huko wiki kadhaa.

Kwanza wataalamu humchora alama kwenye ngozi. Alama huonyesha mahali pa kuelekeza mionzi. Mama akiwa mnene, ngozi na mafuta huteleza juu ya mifupa. Alama husogea, lakini uvimbe uko pale pale! Akikonda sana, alama huhama pia. Mionzi inaweza kukosa uvimbe, ikaunguza kibofu au utumbo. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa uzito.

Usizisugue alama ukioga. Usijinyime chakula ili upungue. Kula ugali wa ulezi, maharage na samaki. Gauni likianza kulegea, mwambie mtaalamu siku hiyo hiyo.