Dawa ya Mgonjwa wa Figo, Hatari kwa Mwendesha Baiskeli

Huenda unajiuliza mbio za baiskeli za Ulaya zinahusiana nini na afya ya familia yako. Zinahusiana kwa sababu ya damu. Damu ya mwendesha baiskeli wa Ufaransa haina tofauti na damu ya kijana wako anayekimbia mbio za shule, na yaliyowapata wale yanaweza kumpata huyu.

EPO ni kitu gani?

EPO ni homoni inayotengenezwa na figo zetu wenyewe. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua katika damu, hutoa EPO ambayo husafiri hadi kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Uboho ukipata habari hiyo hutengeneza chembechembe nyekundu zaidi. Chembechembe hizo ndizo wapagazi wa oksijeni: huichukua kwenye mapafu na kuipeleka kwenye misuli.

Mtu ambaye figo zake zimeharibika hukosa homoni hii. Hupungukiwa damu, akachoka hata kwa kutembea hatua chache. Zamani tegemeo lake lilikuwa kuongezewa damu mara kwa mara. Wataalamu walipofaulu kutengeneza EPO katika maabara, na Marekani ikairuhusu itumike mwaka 1989, wagonjwa wengi wanaosafishwa damu kwa mashine walipata nafuu kubwa.

Lakini watu wengine waliitazama dawa hiyo kwa jicho jingine. Walijiuliza: ikiwa inampa nguvu mgonjwa, itampa nini mtu mzima wa afya?

Mashindano yanayochosha kupita kiasi

Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, huchukua wiki tatu na hupita zaidi ya kilomita 3,000, milimani na mabondeni. Mwenye oksijeni nyingi katika misuli ndiye anayewaacha wenzake mlimani. Kwa hiyo vishawishi vilikuwapo tangu zamani.

Kwanza zilitumika amfetamini, dawa zinazomfanya mtu asisikie uchovu. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson, mwenye umri wa miaka 29, alianguka akipanda mlima Ventoux katika joto kali, akafa. Katika mwili wake zilikutwa amfetamini na pombe. Uchovu ni kengele ya mwili. Dawa ile haikumwongezea Simpson nguvu. Iliizima kengele, naye akaendelea mpaka moyo ukashindwa.

Katika miaka ya 1990 ikaja EPO, na wakati huo hapakuwa na kipimo cha kuigundua. Ukweli ulianza kujitokeza Julai 1998. Willy Voet, msaidizi wa timu ya Festina, alisimamishwa na maofisa wa forodha mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa. Gari lake lilikuwa limejaa EPO na dawa nyingine. Timu nzima ilifukuzwa. Mwaka ule waendesha baiskeli 189 walianza mashindano, na 96 tu wakafika mwisho, kwa kuwa timu nyingine nazo zilijiondoa.

Damu nzito hufanya nini?

Katika damu ya mwanamume mwenye afya, chembechembe nyekundu huwa kati ya asilimia 40 na 50. Sehemu inayobaki karibu yote ni maji ya damu. EPO ikidungwa bila kiasi, chembechembe huongezeka na damu huwa nzito, kama uji uliozidishwa unga. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Tena mwendesha baiskeli hutoka jasho jingi, maji yakapungua mwilini, na damu ikazidi kuwa nzito. Usiku anapolala, moyo wake hupiga polepole sana, na damu hiyo hupita kwa shida. Ndipo hatari ya damu kuganda huwa kubwa. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo ni kiharusi. Likiziba mshipa wa moyo au wa mapafu, mtu anaweza kufa ghafla.

Hata kwa wagonjwa wa figo madaktari hupima kwa uangalifu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa walioongezewa damu kwa EPO hadi kukaribia kiwango cha mtu mzima wa afya walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi kuliko walioongezewa kwa kiasi. Ikiwa ndivyo hospitalini, chini ya macho ya daktari, itakuwaje katika chumba cha hoteli, anayedunga akiwa si daktari?

Vipimo hufanyaje kazi?

Mwaka 1997 chama cha baiskeli cha dunia kiliweka mpaka: mwanamume ambaye chembechembe zake zilizidi asilimia 50 alisimamishwa wiki mbili, kwa ajili ya usalama wake. Juni 1999 Mwitalia Marco Pantani, akiongoza mashindano ya nchi yake siku moja kabla ya mwisho, alikutwa na asilimia 52 akaondolewa. Kipimo kile hakikuonyesha dawa yoyote. Kilionyesha wingi wa chembechembe tu. Pantani hakurudi tena katika hali yake ya kwanza. Aliangukia kokeini, na Februari 2004 alifariki kwa sumu ya dawa hiyo akiwa na miaka 34.

Mwaka 2000 kilipatikana kipimo cha mkojo kilichobuniwa na wataalamu wa Ufaransa. EPO ya maabara inafanana sana na ile ya figo, lakini si sawasawa kabisa. Ni kama vitambaa viwili vya rangi moja: machoni ni kimoja, lakini fundi akivishika na kutazama nyuzi huvitofautisha.

Mchezaji hutoa mkojo mbele ya msimamizi. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili zilizofungwa na kuandikwa namba, si jina. Ya kwanza ikionyesha dawa, mchezaji ana haki ya kudai ya pili ifunguliwe. Tena wachezaji wa ngazi ya juu hutakiwa kueleza kila siku mahali watakapopatikana kwa saa moja. Akikosekana mara tatu katika miezi 12, huhesabiwa kuwa amevunja sheria.

Tangu mwaka 2008 ipo pia pasipoti ya damu. Wazazi wataielewa upesi, maana inafanana na kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi hamlinganishi mtoto na jirani tu. Hutazama mstari wake mwenyewe, kama unapanda vizuri au umepinda ghafla. Vivyo hivyo damu ya mchezaji hupimwa mara nyingi na kulinganishwa na damu yake ya nyuma. Mabadiliko yasiyo ya kawaida huwaita wataalamu wachunguze.

Hata hivyo mashine peke yake hazitoshi. Mmarekani Lance Armstrong alishinda Tour de France mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, huku akikana. Aliyemwangusha hasa ni ushahidi wa watu: mwaka 2012 watu 26, wakiwamo waendesha baiskeli 15, walitoa ushahidi katika kesi yake. Alinyang'anywa ushindi wote saba, na Januari 2013 akakiri.

Kwetu je?

Tusiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya, mshindi wa mbio za Boston, alikutwa na EPO akafungiwa. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizi. Baiskeli nazo zimefika: Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, Rwanda. Vijana wetu wameyatazama na wengine watatamani kufika huko. Tamaa hiyo ni njema. Basi wazazi, walezi na walimu tuzingatie haya:

1. Kijana asikubali sindano wala kidonge kutoka kwa kocha au rafiki bila kujua jina lake na sababu yake. Neno "vitamini" peke yake si jibu.

2. Kijana akichoka upesi mazoezini, apelekwe kituo cha afya apimwe damu. Mara nyingi chanzo ni malaria, minyoo ya safura, au ukosefu wa madini ya chuma. Hayo yana matibabu yake. Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama husaidia kujenga damu.

3. Mchezaji mwenye pumu au ugonjwa mwingine asiache dawa zake. Amweleze daktari kwamba yeye ni mchezaji, kwani kwa baadhi ya dawa anaweza kuombewa kibali.

4. Aliyekwisha kudungwa dawa asiyoijua asifiche. Kuumwa kichwa vibaya, kuvimba mguu mmoja, maumivu ya kifua, kubanwa pumzi au kulegea upande mmoja wa mwili ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja. Mwelezeni daktari ukweli wote. Hapo si mahali pa kuona haya.

5. Ndugu mwenye ugonjwa wa figo aliyeandikiwa EPO asiogope kwa sababu ya habari hizi. Kwake ni dawa. Aitumie kama alivyoagizwa, ahudhurie vipimo vya damu na vya shinikizo la damu, na asimgawie mtu mwingine hata sindano moja.

Zaidi ya yote, tuwaangalie vijana wetu tunavyowapokea wanaposhindwa. Kijana anayejua kwamba atakaribishwa nyumbani hata akifika wa mwisho hana haja kubwa ya kutafuta ushindi katika bomba la sindano.