Namba Zinazopendana

Tuitazame 18,416. Namba ndogo zinazoigawa bila ya kubaki kitu ni 1, 2, 4, 8, 16, 1,151, 2,302, 4,604 na 9,208. Jumla yake ni 17,296. Tukifanya vivyo hivyo kwa 17,296, tunarudi kwenye 18,416! Hizi huitwa namba zinazopendana.

Kanuni ya kuzitafuta iliandikwa kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra, Msabii wa Baghdad aliyefariki mwaka 901. Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni Mwislamu wa Uajemi, aliijua jozi hii zaidi ya miaka 300 kabla ya Fermat wa Ufaransa kuitangaza mwaka 1636. Basi tusiseme hesabu si elimu yetu. Jaribuni nyumbani 220 na 284.