Land Rover za zamani Mbinga: Soma namba kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, msafiri aliyetaka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi wakati wa masika alitegemea gari moja tu: Land Rover. Ndilo lililopanda na kushuka milima ya Umatengo likiwa limebeba abiria, magunia ya kahawa na mifuko ya dagaa. Sasa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66 hivi, ina lami, na magari mepesi hupita bila taabu. Land Rover nyingi za zamani zimebaki kwa njia za vijijini. Nyingine zimeegeshwa chini ya miembe, zikingoja fundi au mnunuzi wa chuma chakavu.

Hapo ndipo biashara mpya inapoanzia. Ulaya na Marekani wapo watu wanaonunua magari haya kama kumbukumbu, nao hulipa kulingana na historia ya gari, si kilo za chuma chake. Asiyeijua historia hiyo anaweza kuuza mali kwa bei ya takataka. Na dalali asiyeijua anaweza kununua takataka kwa bei ya mali.

Zilitengenezwa ngapi?

Neno la kwanza la mwuzaji huwa ni kwamba gari lake ni "adimu". Takwimu za kiwanda zinatoa picha tofauti. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kufikia mwaka 1966 yalikuwa yametengenezwa magari 500,000, na mwaka 1976 yakafika milioni moja. Gari la mwisho la ukoo huo, lililokuwa likiitwa Defender tangu 1990, lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Jumla ilikuwa magari 2,016,933.

Kwa hiyo jina la Land Rover peke yake halileti uadimu. Kinachotafutwa ni toleo na umri: toleo la kwanza la 1948 hadi 1958, la pili la 1958 hadi 1961, la pili "A" la 1961 hadi 1971, na la tatu la 1971 hadi 1985. Ile 110 iliyozaliwa 1983 nayo ina soko lake.

Wafanyabiashara pia wasidanganywe na bei za magazetini. Land Rover ya milioni mbili iliuzwa kwa mnada London mwezi Desemba 2015 kwa pauni 400,000. Hilo lilikuwa gari moja la sherehe, na fedha zake zilikwenda kwenye misaada. Halipimi bei ya gari lililobeba mahindi Kigonsera.

Namba inasema nini

Kwa toleo la pili "A", tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chasisi ni kama kabila la gari. Kwa 88 ya petroli, 241 ni gari la soko la Uingereza, 242 ni la kuuzwa nje lenye usukani wa kulia, na 243 ni lililosafirishwa vipande vipande ili liunganishwe nchi nyingine. Usukani wa kushoto ni 244 na 245. Kwa 109 ya petroli mpangilio ni huo huo, kuanzia 251 hadi 255.

Tarakimu tano zinazofuata ni mfululizo wa kabila hilo tu. Mtego mkubwa uko hapa. Namba 25200850 haimaanishi gari la 850 kutoka kiwandani, wala haimaanishi kwamba yalitengenezwa magari 850. Ni la 850 katika kundi la 252 basi. Herufi ya mwishoni nayo si mwaka. Inaonyesha mabadiliko makubwa ya uundaji.

Namba hiyo huwa kwenye kibati cha ndani ya gari, na pia hugongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi. Kibati hufunguliwa kwa bisibisi. Chuma cha chasisi hakihamishiki kirahisi. Sugua kutu, soma, kisha linganisha na kadi ya gari. Zikitofautiana, simamisha mazungumzo ya bei.

Injini inavyokula faida

Mafundi wetu wameziweka hai Land Rover hizi kwa kufunga injini za Kijapani. Kwa mwenye gari la abiria ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa mwuzaji wa nje ni hasara, na inapimika.

Uingereza hutoza VAT ya asilimia 5 tu, bila ushuru wa forodha, kwa gari la kumbukumbu lenye umri wa angalau miaka 30, la aina isiyotengenezwa tena, ambalo chasisi, injini, usukani na breki zake hazijabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Gari la kawaida la abiria hutozwa ushuru wa asilimia 10, kisha VAT ya asilimia 20 juu ya jumla.

Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya pauni 6,000 likifika bandarini. Likikubaliwa kuwa la kumbukumbu, kodi ni pauni 300. Likikataliwa, ushuru ni pauni 600 na VAT ni 1,320, jumla pauni 1,920. Tofauti ya pauni 1,620 itakatwa kwenye bei atakayolipwa mtu wa Mbinga.

Kwa Marekani, mlango hufunguka gari likitimiza miaka 25 tangu lilipotengenezwa. Inahesabiwa tarehe ya kutoka kiwandani, si ya kusajiliwa Tanzania.

Ushauri wa wiki

Mwenye gari: usiuze kabla ya kunakili namba ya chasisi na ya injini. Kama injini ya awali bado iko stoo, usiipeleke kwa wa chuma chakavu. Iuze pamoja na gari.

Mnunuzi: hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, au kwa gari la marehemu, la msimamizi wa mirathi. Pata uhakika wa polisi kwamba gari si la wizi, na ufute usajili TRA kabla ya gari kupakiwa melini. Gharama za kusafirisha hadi Mtwara au Dar es Salaam zihesabiwe kabla ya kutaja bei, si baada ya kulipa.

Mwenye mtaji mdogo aanze na gari moja lenye namba safi. Matano yenye namba za mashaka yatamfungia fedha zake bandarini.