Boda imefungwa, boda amefungwa

Ukikaa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kutwa nzima, neno la Kiingereza utakalolisikia kuliko yote ni boda, na wengi wanaolitamka hawalihesabu tena kuwa la Kiingereza. Wapo wapenzi wa Kiswahili wanaolionea uchungu. Tunalo neno mpaka, wanasema, la kuazima ni la nini? Hoja yao ina uzito, maana mpaka ni neno pana: linatenga nchi na nchi, shamba na shamba, na bado linatumika katika "subiri mpaka kesho." Lakini upana huohuo ndio unaonifanya niitetee boda. Kwa Waingereza neno lao huweza kuwa ukingo wa kitu chochote, hata wa kitambaa. Sisi ukingo wa kanga tunauita pindo na katikati yake mji, kwa hiyo maana hiyo hatukuihitaji. Tulichokichukua ni kipande kimoja tu: pale pa kuvukia, penye geti, forodha na mihuri. Ndugu wawili wa Tororo wakigombania shamba, wanagombania mpaka. Boda ya shamba haisemwi. Lori likisimamishwa Malaba kwa sababu ya karatasi, limekwama boda. Kazi zimegawanywa, na hakuna neno lililomnyang'anya mwenzake chakula.

Ushahidi mkubwa zaidi ni bodaboda. Miaka ya 1960, geti la Kenya na la Uganda pale Busia yalitenganishwa na zaidi ya nusu maili. Gari lilihitaji hati kuvuka. Baiskeli ilipita tu. Vijana wakaweka kiti nyuma na kubeba abiria na mizigo yao kutoka boda hadi boda. Atakayesema jina hilo ni Kiingereza kitupu aangalie lilivyoundwa: kurudufu neno kwa jambo linalojirudia ni tabia ya lugha zetu, kama katika mara kwa mara na huku na huku. Kisha ikaja pikipiki, na neno likasafiri hadi Mwanza na Dar es Salaam likiwa limeuacha mpaka nyuma.

Sarufi nayo ikafanya kazi yake kimyakimya. Uganda ilipowafungia abiria mipaka yake Machi 2020, habari ilikuwa "boda imefungwa." Polisi wakimkamata mwendesha pikipiki, "boda amefungwa." Herufi moja inatenga kituo na mtu, na mtoto wa Busia hakosei. Lugha iliyovamiwa haiwezi kumpangia mgeni ngeli mbili namna hiyo.

Huenda mtu akahofu kwamba mpaka utasahaulika. Sioni dalili. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, kwa sababu mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa Kenya. Jambo zito kama hilo, la mstari uliopita katikati ya ukoo, bado linaitwa mpaka. Na pale watu walipotaka jina la vichochoro vya kulikwepa geti, hawakumwendea Mwingereza: wanaviita njia za panya. Busia imekuwa na kituo cha pamoja cha nchi zote mbili tangu 2018, na safari ile ya geti hadi geti imepungua maana. Tororo mjini, mama mwenye kapu la mihogo anapanda boda kwenda sokoni, na havuki mstari wowote.