Kupiga kambi kwa gari Kitulo

Kupiga kambi kwa gari ni aina ya utalii ambayo msafiri hutembea na malazi yake: karavani inayovutwa, gari lenye kitanda na jiko ndani, au gari la kawaida lenye hema linalofunguliwa juu ya paa. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mojawapo ya safari za aina hiyo ni ile ya kutoka Chimala, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kupanda hadi Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Hifadhi

Kitulo ipo kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Uwanda wake, ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, una aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Wenyeji huuita "Bustani ya Mungu". Wanyama wakubwa ni wachache, hivyo wageni wengi huja kutembea kwa miguu, kutazama maua na ndege.

Barabara

Chimala iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma, kilomita 78 mashariki mwa jiji la Mbeya. Anayetoka Iringa hupita Mafinga, Makambako na Igawa kabla ya kufika. Kutoka Chimala, njia ya kwenda Matamba hupanda ukingo wa milima kwa kona kali nyingi, na kwa sababu hiyo huitwa "Hamsini na Saba", yaani idadi ya kona hizo. Kutoka tambarare ya Usangu hadi uwanda wa Kitulo kimo huongezeka kwa mita 1,500 hivi.

Karavani ndefu haifai kwa njia hii, kwa kuwa kwenye kona kali mkia wake hukata ndani na dereva hulazimika kurudi nyuma ukingoni mwa korongo. Mwenye karavani huiacha mahali penye ulinzi huko chini, akaendelea kwa gari fupi lililoinuka, lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Njia nyingine ya kufika hifadhini huanzia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya–Tukuyu.

Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 2,600, injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake, hivyo mzigo uliobebwa bila shida kwenye lami unaweza kulishinda gari mlimani. Wakati wa kushuka, hatari iko kwenye breki: zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Dereva huweka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, akaiacha injini izuie mwendo, na breki akazitumia kwa vipindi vifupi. Kabla ya kila kona isiyoonekana mbele hupigwa honi.

Mafuta hujazwa barabara kuu kabla ya kupanda. Tairi la akiba, jeki na kamba ya kuvutia hukaguliwa huko huko chini. Anayefika Chimala jioni hushauriwa kulala hapo na kupanda asubuhi, kwa kuwa ukungu na giza huficha ukingo wa barabara.

Kuchagua majira

Ugumu mkubwa wa safari hii ni kwamba uzuri na ubaya wake huja pamoja. Maua hushamiri kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, na ndipo njia za mlimani huwa na utelezi na matope. Kati ya Septemba na Novemba jua ni jingi na kutembea ni rahisi, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi kali na ukungu, na usiku barafu nyembamba huweza kufunika majani.

Anayefuata maua hutenga siku moja au mbili za ziada. Ratiba iliyobana humsukuma dereva kushuka kwenye matope mvua ikinyesha, wakati kusubiri nusu siku njia ikauke kungetosha.

Baridi na jiko

Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo uwandani huweza kuwa na baridi zaidi kuliko Chimala kwa nyuzi 9 au 10 siku hiyo hiyo. Mablanketi mazito, koti, soksi na godoro la kutenganisha mwili na ardhi ni vya lazima hata kwa wanaotoka kwenye joto la Usangu.

Hatari kubwa ya kambi za baridi ni jiko la mkaa kuingizwa ndani ya hema au gari ili kupasha joto. Mkaa uliokolea hauna moshi unaoonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili zake, na ni rahisi kuzidhania uchovu wa safari. Jiko la mkaa au la gesi huwashwa nje, na injini haiachwi ikinguruma kwa ajili ya joto watu wakiwa wamelala.

Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Wali na maharagwe huchelewa kuiva, hivyo gesi hutumika zaidi. Wengi huchemsha maharagwe nyumbani kabla ya safari.

Taratibu za hifadhi

Kitulo husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ada hulipwa kwa njia za kielektroniki, si kwa fedha taslimu. Kambi huwekwa sehemu zilizotengwa tu, na kuendesha gari hifadhini usiku hakuruhusiwi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Taka zote hurudi na aliyezileta.

Kuchuma maua na kuchimba mimea ni kosa. Viazi vya okidi vya uwanda huu vilichimbwa kwa wingi na kusafirishwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya eneo lilindwe. Gari pia hubaki njiani: tairi likipita kwenye majani yaliyolowa huponda mimea na kuacha mfereji ambao maji ya mvua huupanua.